Kidole kwa Ngamia Kumi: Historia ya Kukadiria Fidia ya Mwili

Mwili ulioumizwa hauna bei sokoni, na hilo ndilo lililowasumbua wazee wa mila, makadhi, majaji na mawakili wa zama zote walipotakiwa kutaja kiasi. Deni la mchele hulipwa kwa mchele. Mguu uliokatwa hauna badala, na hata hivyo pande mbili zinazoketi kupatana hazina budi kuinuka na namba. Tangu kale namba hiyo imetafutwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni orodha: kila kiungo kimeandikiwa kiasi chake, na majeruhi hana haja ya kueleza maisha yake. Ya pili ni kumpima mtu mwenyewe: alikuwa akichuma nini, ameteseka kiasi gani, na miaka aliyobakiwa nayo imeharibika namna gani. Watu wameikimbia orodha mara nyingi kwa sababu haimjali mtu, kisha wameirudia kwa sababu bila orodha hakuna ajuaye aanzie wapi.

Sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli wa karne ya 18 kabla ya Kristo, zilichanganya kisasi na bei. Mtu wa tabaka la juu aliyemtoboa jicho mwenzake wa tabaka hilo alitobolewa lake. Akimtoboa mtu wa tabaka la chini alilipa mina moja ya fedha, na akimtoboa mtumwa alilipa nusu ya thamani ya mtumwa huyo. Jicho ni lile lile, lakini malipo yalifuata hadhi ya mwenye jicho.

Mwanzoni mwa karne ya 7 Baada ya Kristo, Mfalme Æthelbert wa Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, aliandikisha orodha ndefu zaidi. Mguu ulikuwa shilingi 50, na jicho vilevile. Kidole gumba kilikuwa shilingi 20 na ukucha wake 3. Kidole cha kati kilikuwa shilingi 4 tu, cha pete 6, na kile kidogo cha mwisho 11. Msomaji wa leo hushangaa kuona kidole kidogo kikikishinda cha kati karibu mara tatu. Orodha haikutoa sababu, wala orodha za aina hiyo hazina desturi ya kutoa sababu. Kazi yake ilikuwa kuzuia damu isilipizwe kwa damu. Ili izuie, ilitosha namba ijulikane na wote kabla ya ugomvi kutokea.

Mfumo uliofika pwani ya Afrika Mashariki ulitoka upande mwingine. Katika sheria ya Kiislamu dia (fidia ya damu) kamili ya nafsi ya mwanamume iliyotolewa bila kukusudia ni ngamia 100, au kwa hesabu ya dhahabu dinari 1,000. Viungo vikapangwa kwa kuifuata. Kiungo kilicho kimoja mwilini, kama ulimi au pua, kina dia nzima. Vilivyo viwili, kama macho, mikono na miguu, kila kimoja kina nusu. Kidole kina ngamia 10 na jino ngamia 5. Jeraha la kichwa au uso lililofichua mfupa lina ngamia 5, na lile lililopenya hadi ndani ya tumbo au kifua lina theluthi ya dia.

Kabla ya kutulia, hesabu hiyo ilipita mahali panapofaa kuangaliwa kwa karibu. Imepokewa kwamba Khalifa Umar bin al-Khattab alikuwa akihukumu vidole kwa thamani tofauti: gumba ngamia 15, cha shahada 10, cha kati 10, cha pete 9, na cha mwisho 6. Anayejumlisha ataona zinatimia 50, yaani nusu ya dia, ambayo ndiyo thamani ya mkono mmoja. Umar hakubahatisha. Aliuchukua mkono mzima na kuugawa kwa manufaa ya kila kidole, gumba likatangulia kwa sababu bila hilo mkono haushiki. Kisha yakapatikana maandishi ambayo Mtume alimpa Amr bin Hazm alipotumwa Yemen, na ndani yake kila kidole kina ngamia 10 bila kutofautishwa. Rai ya Umar ikaachwa. Kwa fundi au mpiga mshale rai hiyo ilikuwa na mantiki kubwa kuliko usawa wa vidole vyote, lakini usawa ulikuwa na faida moja ambayo kila mpatanishi anaijua: haumruhusu mtu kubishana kidole kipi kilimfaa zaidi.

Palikuwa na majeraha yasiyoandikwa popote: kovu, mfupa uliounga vibaya, kiungo kilichopooza nusu. Kwa hayo mafakihi walibuni njia iliyoitwa hukuma. Majeruhi alikadiriwa kana kwamba ni mtumwa wa kuuzwa, mara moja akiwa mzima na mara ya pili akiwa na kilema chake. Ikiwa bei ilishuka kwa sehemu ya kumi, basi alistahili sehemu ya kumi ya dia, kwa sharti kwamba kiasi hicho kisifikie kile kilichoandikwa kwa kiungo chenyewe. Njia hii inachukiza, maana inamweka muungwana mnadani hata kama ni kwa kufikiri tu. Lakini swali lake, kwamba jeraha limepunguza uwezo kwa sehemu gani ya mtu mzima, ndilo analoulizwa daktari wa siku hizi anapoandika asilimia ya ulemavu.

Makadhi wa Kishafi wa Zanzibar, Mombasa na Lamu walivisoma vifungu hivi katika vitabu kama Minhaj cha Imam Nawawi. Utawala wa Waingereza ulipokuja uliwabakishia ndoa, talaka na mirathi, na mambo ya damu na majeraha ukayapeleka kwenye mahakama zake. Hivyo dia ikatoka katika sheria ya nchi pwani ya Afrika Mashariki, ingawa haikutoka katika akili za watu. Katika nchi za Ghuba ingali hai. Saudi Arabia iliweka mwaka 2011 dia ya riyali 300,000 kwa kifo cha bahati mbaya na 400,000 kwa cha kukusudia, na katika Falme za Kiarabu ilikuwa kwa miaka mingi dirhamu 200,000. Familia ya mfanyakazi kutoka Mombasa au Tanga aliyegongwa na gari huko huikuta namba ikiwa tayari. Wanaojaribu kuijadili hugundua kwamba kilichobaki kujadiliwa ni nani mwenye kosa na kwa sehemu gani.

Bara nako palikuwa na namba zake, na nyingi zilikuwa za mifugo. Jomo Kenyatta, katika kitabu alichokitoa mwaka 1938 juu ya maisha ya Wakikuyu, aliandika kwamba mwanamume aliyeuawa alifidiwa kwa kondoo au mbuzi 100, au ng'ombe 10, na mwanamke kwa 30, au ng'ombe 3. Kwa Wasomali fidia iitwayo mag ilifuata ngamia 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke. Kiasi hicho kilitajwa tena mwaka 2001 katika Azimio la Modogashe, wazee wa kaskazini mwa Kenya walipoafikiana jinsi ya kukomesha mauaji ya kulipizana. Nusu ya mwanamke, ambayo dia nayo inayo, haikuwa kosa la hesabu. Fidia ilipimwa kwa nguvu ambayo ukoo ulihesabu kuwa umeipoteza, na ukoo ndio uliofanya hesabu.

Katika mifumo mingi ya aina hii aliyedai na aliyelipa hawakuwa watu wawili. Ukoo ulidai na ukoo ulilipa, kila kaya ikitoa mnyama wake mmoja au wawili. Kwa hiyo kiasi kikubwa kililipika, na mlipaji hakufilisika peke yake. Jambo hili lingerudi karne nyingi baadaye kwa jina la bima.

Sheria ya Kiingereza, iliyokuja kutawala mahakama za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ilikuwa imeziacha zamani orodha za akina Æthelbert. Badala yake ilikuwa na baraza la wazee wa mahakama, raia wa kawaida waliosikiliza kesi na kutaja kiasi wanachoona kinafaa. Uhuru wao ulikuwa mkubwa, ila palikuwa na shimo moja: dai la mtu lilikufa naye. Kesi ya Baker na Bolton ya mwaka 1808 ilithibitisha kwamba kifo cha mtu hakimpi mwingine haki ya kudai mahakamani. Aliyevunja mguu wa abiria alilipa, aliyemuua hakulipa kitu.

Reli ndiyo iliyolifanya shimo hilo lisivumilike. Mwaka 1841 treni iliparamia udongo ulioporomoka Sonning, karibu na mji wa Reading, na wasafiri kadhaa wa daraja la chini wakafa. Wafiwa hawakuwa na dai lolote. Baraza la uchunguzi lilitumia sheria kongwe iliyosema kwamba kitu kilichoua mtu, kiwe ng'ombe au mkokoteni, au thamani yake, kitwaliwe. Liliikadiria injini na mabehewa yake kuwa pauni 1,000. Katika sheria hiyo fedha hazikuwa za wajane wala mayatima. Mwaka 1846 Bunge liliifuta, na mwaka huo huo likapitisha sheria iliyobebwa na Lord Campbell, iliyowapa mke, mume, wazazi na watoto wa marehemu haki ya kudai walichopoteza kwa kifo chake. Sheria za ajali za vifo za Kenya, Uganda na Tanzania ni wajukuu wa sheria hiyo.

Kiasi kilianza kupimwa kwa uchumi wa mtu. Kesi inayoonyesha hilo vizuri ni ya tabibu mmoja wa London, Dk. Phillips, aliyeumia vibaya katika ajali ya treni ya kampuni ya London and South Western. Kampuni haikukana kosa, kwa hiyo ubishi wote ulikuwa juu ya namba. Phillips alikuwa akichuma maelfu ya pauni kwa mwaka, na ajali ilimwacha hawezi kazi wala hana matumaini ya kupona. Baraza la kwanza lilimpa pauni 7,000. Wakili wake alikwenda kwa majaji na hoja ambayo hadi wakati huo haikuwa ya kawaida: kiasi ni kidogo mno. Mwaka 1879 Jaji Mkuu Alexander Cockburn na wenzake walikubali. Walisema baraza lilikuwa limesahau kitu fulani, kwa kuwa fedha hizo hazikutosha kufidia hata kipato chake, achilia mbali maumivu. Kesi ikasikilizwa upya na baraza la pili likampa pauni 16,000. Safari hii kampuni ndiyo iliyokata rufaa, ikashindwa.

Kutoka kesi hiyo mawakili walijifunza kuligawa dai vipande vipande: maumivu na mateso, gharama za matibabu, kipato kilichokwisha kupotea, na kipato kitakachopotea. Kudai kwa mkupuo mmoja kulimpa mpinzani nafasi ya kusema kiasi ni kikubwa tu, bila kueleza kwa nini. Dai lililogawanywa lilimlazimisha ashambulie kipande kimoja kimoja. Mwaka 1880 Lord Blackburn alitamka kanuni inayotajwa hadi leo, kwamba fidia ni fedha itakayomrudisha aliyedhulumiwa, kadiri fedha inavyoweza, mahali ambapo angekuwa kama asingedhulumiwa. Kesi yenyewe ilihusu makaa ya mawe yaliyochimbwa chini ya kiwanja cha mtu. Kwa makaa kanuni hiyo ni nyepesi. Ilipohamishiwa kwenye uti wa mgongo uliovunjika ikawa ahadi ambayo hakuna mahakama iliyowahi kuitimiza.

Wafanyakazi hawakuneemeka kwa hayo. Mwajiri alikuwa na njia nyingi za kuponyoka, mojawapo ikiwa kusema kwamba aliyemuumiza mdai ni mfanyakazi mwenzake. Ujerumani ya Bismarck ilianzisha bima ya ajali za kazini mwaka 1884. Uingereza ilifuata mwaka 1897 kwa sheria iliyompa mfanyakazi aliyeumia nusu ya mshahara wake, isiyozidi pauni moja kwa wiki, bila kuhitaji kuthibitisha kosa la mtu yeyote. Ulikuwa mkataba wa kubadilishana: mfanyakazi anapata hakika, mwajiri anapata kikomo. Orodha ilikuwa imerudi.

Wakati huo huo reli nyingine ilikuwa ikijengwa kutoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria. Kati ya mwaka 1896 na 1901 vibarua karibu 32,000 waliletwa kutoka India. Karibu 2,500 walikufa, na zaidi ya 6,000 walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa au vilema. Sheria ya fidia iliyopitishwa London mwaka mmoja baada ya ujenzi kuanza haikuvuka bahari pamoja na mataruma. Makoloni ya Afrika Mashariki yalisubiri hadi miaka ya 1940 kupata sheria za namna hiyo, na viwango vyake vikaandikwa kwa shilingi za wakati ule. Hapo ndipo udhaifu wa orodha yoyote ya fedha unapoonekana. Ngamia 100 wa karne ya 7 ni ngamia 100 leo, lakini shilingi iliyoandikwa katika sheria hupungua kila mwaka huku sheria ikikaa kimya. Nchini Tanzania viwango vya zamani viliendelea kutumika hadi fidia ya mtu aliyekatika mkono haikutosha hata nauli za kuifuatilia.

Kwa ajali za barabarani hakukuwa na orodha. Kulikuwa na bima ya lazima, iliyowekwa Uingereza mwaka 1930 na kuigwa Afrika Mashariki katika miaka ya 1940, na ndiyo iliyobadilisha mazoea ya kudai kuliko hukumu yoyote. Kabla yake wakili alijiuliza dereva ana nini. Baada yake alijiuliza kampuni ya bima iko tayari kutoa nini kabla ya kesi. Dai likawa barua na jibu, na kesi nyingi zikaishia kwenye mapatano bila jaji kuziona.

Ili mapatano yawezekane, pande zote mbili lazima ziweze kubashiri jaji angesema nini. Uingereza ilikwama hapo, kwa kuwa mabaraza ya raia yalitoa viwango visivyofanana kwa majeraha yanayofanana. Mwaka 1965, katika kesi ya Ward na James, Lord Denning alieleza kwamba fidia ya majeraha makubwa inahitaji kukadirika, kuwiana na kutabirika, na kwamba mambo hayo hayapatikani kwa baraza. Tangu hapo kesi hizo ziliachiwa majaji, na majaji wakaanza kutazamana. Mwaka 1992 ulichapishwa mwongozo wa viwango uliokusanya walichokuwa wakikitoa, kiungo kwa kiungo, kuanzia kichwa hadi vidole vya miguu. Hakuna aliyeuita orodha ya Æthelbert, ingawa ndivyo ulivyopangwa.

Afrika Mashariki haikuwahi kuwa na tatizo la mabaraza katika kesi hizi, maana kiasi kilitajwa na jaji au hakimu tangu mwanzo. Tatizo lake lilikuwa hukumu zipi zifuatwe. Mawakili wa Nairobi na Dar es Salaam walikuwa na vitabu vya kesi za London mezani, na pauni za humo zilivutia. Mahakama ya Rufani ya Kenya, katika kesi ya Kigaragari na Aya ya miaka ya 1980, ilikata tamaa hiyo. Ilisema fidia lazima ikae ndani ya mipaka ya kesi zilizokwisha kuamuliwa nchini na ndani ya uwezo wa uchumi wa Kenya, kwa kuwa viwango vikubwa hatimaye humrudia mwananchi kwa njia ya ada za bima. Hoja ya kwanza ni ya haki, kwamba wanaofanana watendewe kwa kufanana. Ya pili ni ya mfuko wa mlipaji, na majeruhi anaweza kuuliza kwa nini mguu wake ubebe mzigo wa kushusha bei ya bima ya watu wengine. Mahakama hazijawahi kumjibu vizuri. Hata hivyo hoja hizo mbili zimetajwa pamoja katika hukumu nyingi mno tangu wakati huo.

Hivyo ndivyo ilivyojengeka kazi ya kukadiria dai kama wakili wa Kenya anavyoifanya. Huanza na ripoti ya daktari na asilimia ya ulemavu, pamoja na ile karatasi ya polisi iitwayo abstrakti. Fidia mahususi, yaani fedha zilizokwisha kutumika, haina ubishi mradi kila shilingi iwe imetajwa kwenye dai na ina risiti. Mengi hupotea hapo, maana familia iliyokodi gari usiku kumkimbiza mgonjwa haikumbuki kuomba risiti. Fidia ya jumla, ya maumivu na kupungukiwa na raha ya maisha, hutafutwa kwa kusaka hukumu tatu au nne za majeraha yanayofanana na kuzipandisha kidogo kwa ajili ya mfumuko wa bei. Wakili wa bima naye husaka zake, za chini, na hakimu huangukia katikati. Kila upande unalijua hilo, kwa hiyo kila upande huanza mbali.

Mfano wa kubuni utaonyesha jinsi vipande vinavyoungana. Seremala wa miaka 30 anayepata shilingi 30,000 kwa mwezi amegongwa na matatu na kukatwa mguu juu ya goti. Kipato chake cha mwaka ni 360,000. Angefanya kazi miaka 30 zaidi, lakini mahakama haitazidisha kwa 30. Itatumia kizidisho kidogo zaidi, tuseme 20, kwa kuwa analipwa leo fedha za kesho na kwa kuwa maisha yana mengi. Hiyo inatoa 7,200,000. Bado ana mikono na ufundi wake, kwa hiyo ikikubalika kwamba amepoteza nusu ya uwezo, kipande hicho ni 3,600,000. Mguu wa bandia ukigharimu 400,000 na ukahitaji kubadilishwa mara 6 maishani, ni 2,400,000. Maumivu na mateso, kwa kufuata kesi zilizochaguliwa, 2,500,000. Risiti 350,000. Jumla ni 8,850,000. Mahakama ikiona alivuka barabara bila kuangalia na kumbebesha asilimia 20 ya lawama, inabaki 7,080,000.

Hapo wakili anakutana na kifungu cha sheria ya bima ya magari kinachosema kampuni haiwajibiki kulipa zaidi ya shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja. Milioni 4 na ziada zitatoka kwa mwenye matatu, kama anazo. Dai lililohesabiwa kwa usahihi wote linageuka kuwa swali jingine: kupokea milioni 3 mwezi ujao, au kufuata milioni 7 kwa miaka mitano na kuishia kukamata gari bovu. Hesabu inayoamua mapatano mengi ni hii ya mwisho, na haimo katika hukumu yoyote.

Bunge la Kenya lilijaribu mwaka 2013 kwenda mbali zaidi kwa kuweka jedwali ambalo kila jeraha lilipewa asilimia yake ya milioni hizo 3. Kampuni za bima zilifurahi. Chama cha Mawakili kilikwenda mahakamani, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ililitangua jedwali hilo. Kikomo cha milioni 3 kilibaki, jedwali likaondoka, na kazi ya kulinganisha kesi na kesi ikaendelea kama zamani.

Suala la fedha ya nchi gani ipimie mwili liliibuka tena kwa njia isiyotarajiwa. Jeshi la Uingereza lilikuwa limefanya mazoezi kwa miongo mingi katika maeneo ya Dol Dol na Archer's Post nchini Kenya, na mabomu yaliyosalia ardhini yaliua na kukata viungo vya wafugaji wa Kimasai na Kisamburu, wengi wao watoto waliokuwa machungani. Madai yao yalipelekwa London, na mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kuwalipa zaidi ya watu 200 jumla ya pauni milioni 4.5. Kwa familia zilizohesabu mali kwa ng'ombe hizo zilikuwa fedha zisizo na kifani, na kwa wizara hazikuwa nyingi.

Mwaka 2013 yalifuata mapatano kati ya Uingereza na wazee walioteswa kizuizini wakati wa vita vya Mau Mau. Wadai 5,228 walipewa pauni milioni 19.9 zikiwemo gharama za kesi, mgao wa takriban pauni 2,600, au shilingi 340,000, kwa kila mmoja. Humo walikuwemo watu waliohasiwa na waliobakwa. Kwa vipimo vya Denning au vya Umar kiasi hicho hakikaribii, na wadai walikijua kuwa kidogo. Lakini wengi walikuwa na zaidi ya miaka 80, kesi ilikuwa inabishaniwa kwamba imepitwa na muda, na mapatano yalikuja pamoja na tamko la majuto bungeni pamoja na ahadi ya kugharimia mnara wa kumbukumbu jijini Nairobi. Kama ilivyokuwa kwa seremala, umri wa mdai na uhakika wa malipo viliingia katika hesabu vikaipunguza.

Ugumu mmoja haujapata dawa popote penye malipo ya mkupuo mmoja. Mwaka 1979 Lord Scarman, katika kesi ya daktari wa magonjwa ya akili aliyeharibika ubongo wakati wa upasuaji mdogo, alikiri kwamba jambo moja tu lina hakika: siku zijazo zitaonyesha kuwa kiasi kilichotolewa kilikuwa kikubwa mno au kidogo mno. Uingereza imejaribu kupunguza kosa hilo kwa majedwali ya umri wa kuishi, na tangu mwaka 2005 majaji wake wana uwezo wa kuamuru malipo ya kila mwaka kwa majeruhi wasiojiweza. Ilibidi pia serikali itangaze riba ya kukadiria faida ya fedha zinazolipwa mapema. Riba hiyo iliposhushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 2.5 hadi chini ya sifuri, madai ya watu waliopooza yalipanda mara moja, ingawa miili yao ilikuwa ile ile.

Kwa wafanyakazi, Kenya na Tanzania zimechagua kutoka mahakamani kabisa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inakadiria ulemavu wa kudumu kwa kuanzia mapato ya miezi 96, na inampeleka mfanyakazi kwa mkurugenzi wa usalama kazini badala ya kwa hakimu. Mawakili waliipinga kwa zaidi ya miaka kumi hadi Mahakama ya Juu ilipoithibitisha Desemba 2019. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2008, na Julai 2015 Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kupokea michango ya waajiri, wakati huo asilimia 1 ya mishahara kwa sekta binafsi na nusu ya hiyo kwa umma. Huko mwenye ulemavu mkubwa hulipwa pensheni ya kila mwezi inayotokana na mshahara wake. Hataji kiasi anachodai. Hujaza fomu ya ajali na kupimwa na daktari aliyepewa mafunzo ya kutathmini ulemavu. Kama ana ubishi, unakuwa juu ya asilimia aliyoandikiwa, na huo huupeleka kwa rufaa.